Kodi ya Mbiru na Wanawake wa Upare



Huenda baadhi yenu mtauliza: gazeti la wakulima wa karafuu lina shauri gani na milima ya Upare? Jawabu langu ni fupi. Mkulima ni mkulima, na yaliyowapata wenzetu wa Suji na milima yote ile katika miaka ya 1940 yafaa yajulikane na kila aishiye kwa jasho la shamba.

Suji iko juu milimani, katika Wilaya ya Same, ukipanda kutoka Makanya ipitapo reli ya Tanga. Tangu kale Wapare wameyanywesha mashamba yao ya miteremkoni kwa mifereji na mabwawa madogo waitayo ndiva. Walifuga, wakalima, na baadaye kahawa ikawaletea fedha. Hapo serikali ya Kiingereza pamoja na wafumwa, yaani watawala wa kienyeji, wakaona wabadili kodi. Zamani kila mwanamume alitoa kiasi kimoja. Sasa kila mtu alitakiwa alipe kwa kadiri ya mali yake. Kodi hiyo ikapewa jina la mbiru, jina la desturi ya kale ya watu kumtolea mfumwa wao.

Kwa maneno tu, jambo hili ni la haki: mwenye kingi atoe kingi. Lakini nani atakayepima? Walikuja wakadiriaji, wakakisia mali ya mtu, na mwenyewe akabaki kuambiwa tu. Wapare hawakukataa kulipa kodi, walikataa kukisiwa. Sisi ambao karafuu zetu hutiwa daraja kwa jicho la mtu mwingine twalifahamu jambo hili bila kuelezwa.

Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka mpaka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko miezi mingi wakidai kodi ile iondolewe. Hawakushika silaha. Nyumbani mashamba yalibaki mikononi mwa wanawake, na wanawake nao wakachoka kungoja. Wakaandamana. Inasimuliwa kwamba walimwambia mkuu wa wilaya, Mwingereza, achague moja: ama alimalize shauri waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba wote. Kwa mwanamke wa siku zile kuyasema hayo mbele ya serikali halikuwa jambo dogo.

Miaka ya 1940 haikwisha kabla kodi ile haijafutwa. TANU ilizaliwa Julai 1954, na hao walikuwa wamekwisha kuishinda serikali kwa kukaa chini na kukataa.

Profesa Isaria Kimambo aliandika kijitabu juu ya mbiru mwaka 1971, naye alifanya kazi njema. Lakini ni vijana wangapi wa leo waijuao habari hii? Na wale wanawake, wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Maoni yangu ni kwamba historia inayohesabu vyama na viongozi peke yao ni historia ya wakadiriaji: yakisia mali ya watu bila kuwauliza wenyewe.

Nasi tusijione bora. Mwaka 1937 sheria ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu haki ya peke yake ya kununua karafuu za kupeleka ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakazigomea, na mapatano hayakupatikana mpaka mwaka 1938. Habari za mawakili na mabwana wakubwa zimeandikwa. Je, wachumaji walikula nini msimu ule? Wanawake waliochambua karafuu walisema nini?

Basi natoa shauri: kila tawi lichague kijana mmoja ajuaye kuandika, awaendee wazee wetu, wanawake kwa wanaume, awaulize waliyoyasikia kwa wazazi wao, na ayaandike pamoja na majina. Kazi hii haina gharama ila daftari na subira, na yafaa ianze kabla ya mavuno yajayo, kwani wazee hawatungoji.