Kitandiko Kwanza, Blanketi Baadaye

Apitaye usiku katika eneo la viwanda la Nyakato, kando ya barabara iendayo Musoma, huenda akamwona mlinzi wa ghala akitandaza maboksi yaliyokunjuliwa juu ya sakafu ya saruji kabla hajaketi. Hatafuti kwanza koti la pili. Huanza na maboksi. Pengine mlinzi huyo hakufundishwa darasani habari za upitishaji wa joto, lakini amekwisha kulijibu swali ambalo shule zetu nyingi hulikosea kila ziwapelekapo wanafunzi kambini: mtu alalaye chini akingwe kwanza upande upi, wa juu au wa chini?

Orodha za safari za shule hujibu kwa kutaja mablanketi. Mwanafunzi aje na mablanketi mawili, sweta, tochi, sahani na kikombe. Kitu cha kulalia ama hakitajwi kabisa, ama huandikwa "mkeka" na basi. Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo imepinduliwa, na kosa hilo si dogo. Mwanafunzi aliyekesha akitetemeka hawezi kesho yake kufuata maelezo ya jiolojia au ya wanyamapori, ambayo ndiyo yaliyompeleka huko. Na mzazi aliyetakiwa kununua blanketi la pili ametoa fedha zake mahali pasipo na faida kubwa.

Tuitazame safari yenyewe. Wanafunzi wa Mwanza waendao Serengeti aghalabu huingia kwa lango la Ndabaka, takriban kilometa 140 kutoka mjini, na wengine huendelea hadi Ngorongoro. Nyakato ipo juu kidogo tu ya usawa wa Ziwa Viktoria, ambao ni mita 1,134 juu ya bahari. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ilipo kambi ya Simba, una kimo cha takriban mita 2,300. Kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda, tofauti ya kimo peke yake huleta upungufu wa nyuzi saba na zaidi. Usiku ambao Nyakato ina nyuzi 17, huko ukingoni tutazamie nyuzi 10, na katika miezi ya Juni na Julai pungufu ya hapo. Mtoto wa ufukweni hudhani anaijua baridi. Haijui.

Nilipata kulala katika kambi hiyo pamoja na kundi la wanafunzi wa shule ambayo sitaitaja. Kila mmoja alikuwa na mablanketi yake mawili kama alivyoagizwa, na mkeka mmoja wa plastiki. Hata kabla ya saa saba za usiku nilisikia mahema yakinong'ona. Kulipopambazuka, waliokuwa wamelala walau kidogo walikuwa ni wale waliovunja agizo: waliokunja blanketi moja mara mbili wakalitia chini, wakajifunika lile moja lililosalia.

Sababu yake imo katika kitabu cha fizikia cha kidato. Blanketi halitoi joto. Hukamata hewa isiyotembea katikati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia ni kihami bora, yaani kizuizi cha joto. Upitishaji wake ni takriban wati 0.025 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya halijoto. Saruji hupitisha zaidi ya mara arobaini ya kiasi hicho, na mawe ya matale yaliyoupa mji wa Mwanza sura yake hupitisha kiasi cha mara mia. Sasa, blanketi lililo juu ya mwili hukaa limetutumka, na hewa yake i salama. Lililo chini hulaliwa. Hewa hufukuzwa, na kinachobaki ni nyuzi zilizobanwa. Ndiyo maana mfuko wa kulalia, hata uwe wa gharama gani, hauna msaada mkubwa upande wa mgongoni. Mtengenezaji wake anategemea kwamba mnunuzi amejiwekea kitu kingine chini.

Hata sponji haiponi. Chukua godoro dogo lenye unene wa sentimeta 4. Upitishaji wa sponji ni takriban 0.04, gawanya unene, mita 0.04, kwa namba hiyo, utapata ukinzani wa 1. Lala kwa ubavu. Nyonga italikandamiza hata libaki, tuseme, sentimeta 1, na ukinzani utashuka hadi karibu 0.25. Ikiwa tofauti kati ya ngozi na ardhi ni nyuzi 20, basi pasipokandamizwa hupita wati 20 kwa kila mita ya mraba, na penye nyonga wati 80. Ni kweli kwamba nyonga haina ukubwa wa mita ya mraba, na nguo nazo husaidia. Lakini mwili wote wa mtu mzima aliyelala hutengeneza takriban wati 70 hadi 80 tu, na hazina ndogo kama hiyo haistahimili tundu, hata liwe dogo.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuza godoro si "lina unene gani?" bali "litabaki na unene gani nikililalia?" Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wazitazame kandambili zao. Soli ya kandambili nayo ni sponji, ila vijumba vyake vya hewa vimefungwa kila kimoja peke yake, ilhali vya godoro la kawaida vimefunguliana. Tia vipande vya vyote viwili katika ndoo ya maji na uvikamue humo humo. Cha godoro kitafyonza maji hadi kizito. Cha kandambili kitaelea. Hewa iliyofungiwa haitoki kwa kukandamizwa, wala maji hayapati njia ya kuingia. Vitandiko vya wasafiri waendao kwa miguu hutengenezwa kwa sponji ya jamii hiyo: sentimeta moja hadi mbili za unene, uzito wa kiasi cha gramu 400, tena havitoboki vikaharibika. Mikeka minene ya mazoezi ya viungo iuzwayo madukani mijini mara nyingi ni ya namna hiyo hiyo, ingawa huwa mizito zaidi.

Kuna njia nyingine, nayo ina historia ya kupendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Seattle, Marekani, Jim Lea na Neil Anderson, wahandisi waliopata kufanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing, pamoja na mpanda milima John Burroughs, waliichukua sponji ile ile ya vijumba wazi wakaivika ngozi isiyopitisha hewa, yenye kizibo. Ukifungua kizibo, sponji hutanuka na kuvuta hewa yenyewe. Ukikifunga, hewa haina pa kwenda hata nyonga ikikandamiza. Kitandiko hicho, kilichouzwa kwa jina la Therm-a-Rest, kina wana na wajukuu wengi leo, baadhi yao wepesi wa kustaajabisha. Ila mwiba mmoja wa mgunga unatosha kukifanya kitambaa kitupu, na ukanda wa magharibi wa Serengeti hauna upungufu wa migunga. Mimi nisingempa mwanafunzi kitandiko kama hicho bila gundi na kiraka.

Wenye kununua wajue pia kwamba mwaka 2018 shirika la viwango la ASTM la Marekani lilitoa utaratibu mmoja wa kupima vitandiko, baina ya bamba la moto na bamba la baridi. Kabla ya hapo kila kiwanda kilijipimia kilivyopenda. Matokeo huandikwa kwa herufi R na namba. Namba hiyo ni ya vipimo vya Kimarekani. Igawanye kwa 5.7 upate ukinzani kwa vipimo tunavyofundisha shuleni. R iliyo kati ya 2 na 4 hutosha kwa ukingo wa kreta. Kwa kambi ya ufukweni, chini ya 2 haina ubaya.

Lakini sisemi kwamba kila shule ikanunue vitu vya Seattle. Ukinzani una sifa moja njema: hujumlishwa. Tabaka nne za maboksi makavu ya mawimbi hukaribia sentimeta moja ya sponji ya kandambili. Maboksi hayo ni mazito na hufa kwa mvua ya kwanza, kwa hiyo hayamfai mtembea kwa miguu, lakini wanafunzi waendao kwa basi yatawafaa sana. Majani makavu ya mpunga, ambayo Magu na Kwimba huyapata kwa wingi baada ya mavuno, yakitiwa katika gunia ni kitandiko cha heshima. Wazee wa Usukuma waliolalia ngozi ya ng'ombe juu ya majani hawakuwa washamba. Waliweka kihami chini na kizuizi cha unyevu juu yake. Mahali penyewe pa kulala nako ni kuchagua: mchanga mkavu hupitisha joto kidogo sana kuliko mchanga uliolowa, basi hema lisogezwe mbali na maji. (Viboko na mamba wana hoja zao za kuunga mkono ushauri huu.)

Na ili haya yasibaki maneno, yapimwe. Mwalimu atafute mikebe kadhaa iliyo sawa, yenye vitako bapa na vifuniko, ajaze kila mmoja maji ya nyuzi 60, kisha auweke juu ya kitandiko tofauti kwenye sakafu ya saruji: mmoja juu ya mkeka, mwingine juu ya blanketi lililokunjwa, mwingine sponji, mwingine maboksi, na mmoja sakafuni patupu. Mikebe yote ifunikwe pande na juu kwa namna moja, ili tofauti itokane na chini peke yake. Halijoto isomwe kila baada ya dakika 5 kwa muda wa dakika 40. Kisha jaribio lirudiwe, safari hii kila mkebe ukiwa umebebeshwa tofali. Marudio hayo ya pili ndiyo yenye mafunzo, kwa kuwa hapo sponji laini iliyoongoza mara ya kwanza huenda ikapoteza nafasi yake. Darasa likichora michoro ya mstari, orodha ya safari itakuwa imejiandika yenyewe.

Baada ya joto, uzito. Kanuni itumiwayo sana na wasafiri wa miguu ni kwamba shanta lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili; kwa mwanafunzi wa kilo 50 ni kilo 10. Mlimani Kilimanjaro, ambako wapagazi ni watu wazima waliozoea kazi hiyo, mizigo yao hupimwa getini, na kikomo ni kilo 20. Nasi tupime. Mizani ya ofisi ya stoo inatosha. Kila kitu kiwekwe juu yake na kuandikwa, kwa maana mikono yetu ni mashahidi wabaya: sufuria nzito hujulikana mara moja, lakini vitu vidogo kumi vya gramu 200 hupita bila kuonekana, navyo ni kilo 2. Maji hayapunguziki kwa ujanja wowote, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lazima vingine vipungue. Blanketi la pili ndilo la kwanza kuachwa, na nafasi yake ichukuliwe na kitandiko chenye robo ya uzito wake.

Kuna kimoja tu ambacho sitakubali kiachwe kwa hoja ya wepesi, nacho ni chandarua. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi mno kwetu kufanya mzaha wa gramu.

Najua kuna walimu watakaosema kwamba kambi ni shule ya uvumilivu, na mtoto anayelala vizuri hajifunzi lolote. Naiheshimu hoja hiyo, hasa itokapo kwa waliopita Jeshi la Kujenga Taifa. Hata hivyo uvumilivu una mahali pengi pa kufundishiwa, na kutetemeka kwa kukosa maarifa ya sekondari si mojawapo. Wengine watasema vitandiko vikodishwe Arusha au Karatu kwa siku zinazohitajika. Kwa shule inayosafiri mara moja katika miaka mitatu, huenda ni kweli. Kwa shule iendayo kila mwaka, ishirini vya kudumu, vikikatwa na wanafunzi wenyewe kutoka katika sponji ngumu ya vijumba vilivyofungwa, na kuazimwa na shule jirani, ndio mpango ninaoupendelea. Vikirudi kutoka safarini vianikwe kivulini hata vikauke, kisha vihifadhiwe vikiwa vimelazwa, si kufungwa kwa kamba mwaka mzima vikapoteza unene. Na viwekwe juu, karibu na dari, kwa sababu panya wa stoo nao hupenda kulala mahali penye joto.