Ulinganifu Si Usawa: Neno 'Chira' Mikononi mwa Wafasiri

Dhana ya ulinganifu imegeuzwa kichaka cha kujifichia katika taaluma yetu ya tafsiri. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini amelifasiri neno hivi, hujibu kwamba hicho ndicho kisawe chake, kana kwamba lugha mbili ni pande mbili za mizani ya dukani. Hoja yetu ni kwamba ulinganifu si jibu bali ni swali: vitu hivi vinalingana katika nini, kwa nani na kwa kazi gani?

Tuchukue neno la Kijaluo 'chira', ambalo msomaji wa Homa Bay au Migori hahitaji kufafanuliwa. Wapo wanaolifasiri kwa 'laana'. Lakini laana ina mwenye kulaani. Chira hutokana na kuvunjwa kwa mwiko, hata bila kujua, na yaweza kumpata mtoto wa aliyeuvunja. Wengine hulifasiri kwa 'Ukimwi', maadamu yote mawili hukondesha mwili. Hapa ulinganifu upo, ila katika dalili tu. Chanzo ni tofauti, na tiba kadhalika: chira hutafutiwa manyasi na kutengenezwa kwa taratibu za mila, ilhali virusi hudhibitiwa kwa dawa za hospitali. Aidha, Wajaluo wenyewe waliuita Ukimwi 'ayaki'. Ni kweli kwamba wamekuwapo waliobishana iwapo ayaki si chira kwa sura nyingine. Lakini ubishi huo usingewezekana kama maneno hayo yangekuwa na maana moja. Mfasiri anayeandika 'Ukimwi' ameukata ubishi kabla msomaji hajausikia. Katika eneo lililoumizwa na ugonjwa huo kuliko mengi nchini tangu ulipotambuliwa Kenya mwaka 1984, uamuzi huo si suala la mtindo tu.

Watetezi wao watamtaja Nida, aliyetenga mwaka 1964 ulinganifu wa umbo na ulinganifu wa athari. Vyema. Hofu ya mtu aliyevunja mwiko, anayewatazama wanawe, itamfikiaje msomaji kwa neno linalompeleka moja kwa moja zahanati? Kigezo chao wenyewe kinawahukumu.

Hatukubaliani vilevile na wanaodai kwamba chira haifasiriki kamwe. Paul Mboya wa Karachuonyo alizieleza mila za Wajaluo kwa Kijaluo katika *Luo Kitgi gi Timbegi* (1938). Kinachoelezeka kwa kirefu katika lugha moja chaelezeka katika nyingine. Neno 'chira' na libaki, muktadha ulifafanue, na mfasiri atamke ulinganifu wake unaishia wapi.

Kwa miaka mingi tumekilalamikia Kiingereza kwa kuzimeza dhana zetu. Kiswahili kinapokifanyia Kijaluo vivyo hivyo, nacho Kijaluo kimekwisha kukisonga Kisuba huko Rusinga na Mfangano, malalamiko yetu yatabaki na uzito gani?