Kichwa cha Dekio Kitoke, Kifuliwe



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza nanyi juu ya maji ya kunywa, vyoo, vyandarua na chakula cha watoto. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie chombo ambacho wengi hukiona hakistahili hata kutajwa, nacho ni dekio, yaani ule mti wenye nyuzi au matambara mwishoni tunaoutumia kupigia deki sakafu ya saruji au ya vigae. Karibu kila nyumba yenye sakafu ngumu inalo, na kanisa, shule na zahanati zinayo pia.

Maoni yetu ni haya: dekio ambalo kichwa chake hakitoki kwenye mpini lisinunuliwe, hasa na familia yenye mtoto mdogo, mzee au mgonjwa. Kisichotoka hakifuliki vizuri, na kisichofuliwa hakisafishi bali hupaka uchafu.

Tambara la zamani lilikuwa na sifa yake

Mama zetu walipiga deki kwa tambara. Walichukua kipande cha gunia au khanga kuukuu, wakainama au kupiga magoti, wakafuta chumba kimoja hadi kingine. Kazi hiyo iliumiza mgongo na magoti, na hatumwombi mtu yeyote airudie. Lakini tambara lile lilikuwa na sifa moja kubwa. Kazi ilipokwisha, lilitiwa kwenye beseni, likafuliwa kwa sabuni, likaanikwa juani. Kesho yake lilikuwa kavu.

Lilipokuja dekio la mti, mgongo ulipumzika, lakini sifa ile ikapotea. Madekio mengi ya bei ndogo yana nyuzi zilizopigiliwa misumari au kukazwa kwa waya kwenye mpini. Huwezi kulitia kwenye beseni likaenea, wala kulichemsha kwenye sufuria. Kinachofanyika ni kulitikisa kidogo ndani ya ndoo, kulikamua, na kuliegemeza kwenye kona ya bafu kichwa kikiwa chini. Kesho linakutwa bado bichi na linanuka. Harufu ile ni dalili kwamba bakteria wamezaliana usiku kucha. Bakteria wanahitaji unyevu, joto na chakula, na kichwa cha dekio kilichoachwa bafuni huwapa vyote vitatu.

Jambo hili si dhana yetu tu. Mwaka 1971 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya madekio ya hospitali. Waliona kwamba dekio bichi lilikuwa limejaa bakteria kwa wingi mno. Kufua kichwa chake kama nguo kulitosha kukitakasa. Kukitia kwenye dawa ya kuua vijidudu ya aina ya fenoli hakukufaa kiasi hicho. Nayo miongozo ya Marekani kwa hospitali inataka vichwa vya madekio vifuliwe na kukaushwa angalau mara moja kila siku. Somo kwetu ni wazi: tusitegemee kumwaga dawa yenye harufu kali ndani ya ndoo na kudhani tumemaliza. Kufua na kukausha ndiyo kazi yenyewe.

Anayeumia ni nani?

Hatutaki kumtisha mtu. Kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo huenezwa hasa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na mikono isiyonawiwa. Sakafu si mlango wa kwanza wa magonjwa hayo. Hata hivyo dekio linaweza kuwa daraja. Likitoka chooni likaingia jikoni, limebeba cha chooni kukileta jikoni. Mtoto anayetambaa huweka viganja sakafuni kisha huvitia mdomoni, na kitu chake cha kuchezea kikianguka hukiokota na kukinyonya.

Tena tuutazame mkono wa anayefanya kazi hiyo. Mara nyingi ni mama mwenyewe, binti yake, au msichana wa kazi. Anakamua nyuzi kwa mikono mitupu, na baada ya nusu saa mikono hiyo hiyo inasonga ugali au inamlisha mtoto. Tukilidharau dekio, tunaidharau afya ya huyo anayetutunza.

Wenzetu walivyolifikiria

Wapo waliotumia akili zao kwa ajili ya chombo hiki cha hali ya chini. Mwaka 1893 Thomas W. Stewart, Mmarekani Mweusi wa mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, alipewa hataza ya dekio lenye kibanio na mkono wa kukamulia. Tambara liliweza kuondolewa na kutiwa jingine, na mtu hakulazimika kulikamua kwa mikono.

Huko Hispania, mwaka 1956, mhandisi wa mambo ya ndege Manuel Jalón Corominas wa mji wa Zaragoza alileta dekio na ndoo yake ya kukamulia. Alikuwa ameona Marekani jinsi sakafu za mabanda ya ndege zilivyosafishwa mtu akiwa amesimama wima, naye akaona kwamba wanawake wa nchi yake, waliosugua sakafu wakiwa wamepiga magoti, walistahili nafuu hiyo. Jalón alifariki mwaka 2011. Chombo chake kimeenea katika nyumba za Hispania, na vichwa vyake huuzwa peke yake madukani, kwa hiyo kikichakaa hununuliwa kichwa bila kutupa mpini.

Tuchague maungio gani?

Msomaji akienda sokoni leo atakuta aina mbalimbali. Tuzitazame kwa haki.

Ya kwanza ni kichwa cha skrubu, kinachofungwa kwa kuzungusha. Ni rahisi kukitoa na kukirudisha. Ubaya wake ni kwamba meno ya plastiki huisha mapema mtu akikandamiza kwa nguvu, tena vichwa vya kiwanda kimoja mara nyingi haviingii kwenye mpini wa kiwanda kingine. Kabla ya kulipa, kifungue na kukifunga palepale dukani, na umwulize mwenye duka kama anauza vichwa peke yake. Akisema hana, unanunua chombo cha miezi michache tu.

Ya pili ni kibanio cha chuma au plastiki. Hiki ni kizuri kwa sababu hushika tambara lolote ulilo nalo. Lakini kibanio cha chuma hupata kutu, hivyo kikaushwe kila siku.

Ya tatu ni dekio bapa, ambalo kitambaa chake huvutwa juu ya ubao kwa mifuko au hushikwa kwa kunata. Ni jepesi na linafaa sana kwa vigae. Kwenye saruji yenye mikwaruzo kitambaa chake huchanika upesi.

Ya nne haipo dukani, nayo ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa familia zetu. Ni mti wenye umbo la herufi T. Huko Kuba watu wengi hupiga deki kwa mti wa namna hiyo, wakiufunika kwa kitambaa. Fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza. Mpini ufike kifuani pa mtumiaji ili asiiname. Mti wa kukingama uwe na urefu wa sentimita 40 hivi, na pembe zake zilainishwe zisichane kitambaa. Maungio yawe ya tundu na kigingi cha mbao, maana msumari utaingia kutu na kulegea. Kitambaa ni taulo kuukuu lenye tundu katikati, ambalo fundi cherehani amelipinda ukingo lisichanike. Unapitisha mpini kwenye tundu, taulo linaangukia juu ya mti wa kukingama, nawe unapiga deki umesimama. Ukimaliza unalivua, unalifua, unalianika. Hapo umerudishiwa sifa ya tambara la mama, na mgongo umebaki mzima.

Kanuni za kufuata

1. Uwe na vichwa viwili angalau kwa matumizi ya vyumba, kimoja kikitumika kingine kiwe kwenye kamba. Cha chooni kiwe cha peke yake, kitiwe uzi mwekundu ili kisichanganywe.

2. Fagia kwanza. Tumia maji safi yenye sabuni, na uyabadilishe yakiwa meusi. Anza na vyumba vya kulala, malizia na vile vyenye uchafu zaidi.

3. Kila baada ya kazi toa kichwa, kifue kwa sabuni, kisuuze, ukianike juani mpaka kikauke kabisa. Usikirudishe kwenye mpini kikiwa kibichi.

4. Mgonjwa akitapika au akiharisha sakafuni, usianze na dekio. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, ondoa uchafu kwa tambara utakalolitupa chooni au kulichoma. Kisha mimina maji ya klorini. Ikiwa dawa ya dukani ina nguvu ya asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Subiri dakika 10, ndipo upige deki. Kichwa cha pamba kilichotumika kifuliwe kwa sabuni na kuchemshwa dakika 10 katika chombo kisichopikiwa chakula. Vichwa vyenye nyuzi za plastiki huharibika vikichemshwa, hivyo kwa nyumba yenye mgonjwa pamba ni bora.

5. Usichanganye klorini na dawa ya chooni yenye tindikali, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Na klorini isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, kwani mtoto ataidhania kinywaji.

6. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, hata kama ulivaa glavu.

Majibu kwa wanaotilia shaka

Atakuwapo atakayesema: maji ya kunywa yenyewe ni ya shida, tutafuaje dekio kila siku? Tunajibu kwamba kichwa kimoja hakimalizi ndoo. Maji ya sabuni yaliyobaki baada ya kufua nguo yanafaa kwa kukifua mara ya kwanza, kisha maji kidogo safi yatumike kusuuza. Jua halilipiwi.

Mwingine atasema kwamba sakafu yake ni ya udongo. Huyo hahitaji dekio. Anyunyize maji kidogo, afagie, na kinyesi cha mtoto akiondoe mara moja akitupe chooni. Fedha yake aitumie kwa sabuni ya kunawia mikono.

Wa tatu atasema kwamba hizi ni kazi za wanawake, naye hazimhusu. Kwake tuna neno kali kidogo. Aliye baba wa nyumba ndiye mara nyingi atoaye fedha ya dekio, na akichagua la bei ndogo lisilofulika, ameshaingia katika kazi hiyo atake asitake. Tena hatujui amri ya Mungu iliyomkataza kijana wa kiume kupiga deki. Wavulana wafundishwe kama dada zao.

Ombi letu kwa parokia

Tunaomba akina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya ndogondogo walichukue jambo hili kama kazi ya mwaka. Mafundi seremala wetu wapewe oda ya madekio ya umbo la T, ili kila familia yenye mgonjwa wa kutunzwa nyumbani ipate moja pamoja na vitambaa vitatu. Tuanzie pia kwetu: dekio la sakristia lisiwe ndilo la vyoo vya ukumbi. Na wafanyabiashara waumini tunawasihi walete mipini ambayo vichwa vyake vinapatikana na vinalingana. Kumuuzia maskini chombo kisichoweza kutengenezwa wala kufuliwa ni kumfanya alipe mara mbili, kwanza dukani na baadaye zahanati.

Kanisa lina mtakatifu wa kutusaidia katika kazi hii. Mtakatifu Martino wa Porres, aliyeishi Lima nchini Peru kuanzia mwaka 1579 hadi 1639, na kutangazwa mtakatifu na Papa Yohane XXIII mwaka 1962, huchorwa akiwa ameshika ufagio. Alifagia nyumba ya watawa Wadominiko na kuwauguza wagonjwa, na kazi hizo mbili alizifanya kwa moyo mmoja. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Tunapendekeza siku hiyo kila kaya itoe dekio lake nje, ilitazame mchana kweupe. Likiwa linatoka kichwa, lifuliwe. Likiwa halitoki, fundi aitwe.