Daktari Asiyefundishwa Kuchagua



Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, maji na mawe yaliporomoka katika Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa. Twazoea kusema kwamba msaada utakuja. Lakini ndege itatua wapi, ikiwa uwanja umefunikwa? Katika saa za kwanza, anayeokoa ni yule aliyekwisha kuwapo.

Kwa hiyo naona si haki kijana amalize miaka yote ya utabibu katika Kivu bila kuzoezwa kupokea majeruhi mia kwa mara moja. Nasema kuzoezwa. Somo la kunakiliwa daftarini, kuulizwa kwenye mtihani na kusahauliwa, sisi walimu twalijua sana. Wengine wetu twaishi kwalo.

Kiini cha jambo ni kuchagua. Siku za kawaida mwanafunzi hufundishwa kumpa mgonjwa mmoja yote aliyo nayo. Siku ya maafa kanuni hiyo hugeuka. Majeruhi hugawanywa kwa rangi: nyekundu kwa anayeweza kuokoka akihudumiwa mara moja, njano kwa awezaye kungoja, kijani kwa anayetembea mwenyewe, nyeusi kwa aliyekufa au asiyeweza kuokolewa kwa vifaa vilivyopo. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika huwekwa katika nyekundu, na mpimaji huenda kwa mwingine kabla dakika moja haijaisha. Anayepiga kelele mara nyingi si wa kwanza, maana mwenye kupiga kelele bado anapumua. Msamaria alikuta majeruhi mmoja njiani. Daktari huyu anawakuta themanini, na mmoja wao labda ni jirani yake.

Wapo wanaosema huo ni ukatili, na kwamba moyo mwema unatosha. Sikubali. Moyo mwema usiozoezwa humkimbilia aliye karibu, au mwenye cheo, au mwenye jamaa wengi mlangoni. Dominique Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, alitaka jeraha litazamwe kabla ya cheo. Sijui ni hospitali ngapi kwetu zingeshinda jaribio hilo hata siku ya kawaida.

Tena fedha si kisingizio. Zoezi lataka vitambaa vya rangi nne, machela, saa, uwanja wa mpira, na watu hamsini wa kulala chini wakijifanya wameumia. Watu hao ni ninyi, wa Kiro na wa Xaveri. Vitivo vya utabibu vipo Goma, Bukavu na Butembo. Nendeni mkaulize zoezi ni siku gani. Na kama hakuna siku iliyopangwa, ulizeni kwa nini.