Kiingereza Kieleweke, Kisikaririwe Tu

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza kuwa mojawapo ya lugha rasmi. Hivyo mtoto wa Bugarama, au wa mwambaoni Rumonge, hana budi kukisoma pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Mzigo huo si mdogo, wala hauwi mwepesi kwa kukariri orodha za maneno ubaoni.

Tuchukue neno moja ambalo kila mtoto wa ufukweni analijua: samaki. Kwa Kiingereza ni “fish”, na kwa kawaida halibadiliki hata samaki wakiwa wengi, sawasawa na letu. Sisi twasema samaki huyu, samaki hawa. Mwingereza husema “this fish”, “these fish”. Hapo mwalimu amekwisha kupata daraja. Kwa nini asilivuke?

Kisha huja mafumbo. Mwingereza akisema kwamba habari fulani ni “fishy”, yaani ina harufu ya samaki, maana yake anaitilia shaka. Lakini huku kwetu harufu ya mukeke na ndagala ni harufu ya chakula na ya fedha za daftari! Mtoto atakisiaje? Naye Mwingereza akisikia kwamba fulani “amekula kiapo”, bila shaka atauliza kilipikwaje.

Wako wanaodhani kuwa haya ni mapambo ya darasani. Hatukubaliani nao. Mfanyabiashara wa mawese akiandikiwa kwamba mzigo wake utafika “by Friday”, waweza kufika hata Jumanne, mradi usipite Ijumaa. Akiandikiwa kwamba utatunzwa ghalani “until Friday”, ajue kuwa Jumamosi hauna mlinzi. Kiswahili cha sokoni husema “mpaka Ijumaa” kwa yote mawili, na asiyefundishwa tofauti hiyo huilipia kwa mali yake.

Kwa hiyo twashauri walimu waruhusiwe kuieleza sarufi ya Kiingereza kwa Kirundi na Kiswahili bila kuhesabiwa kuwa wameshindwa kazi. Vijana wa familia zilizorejea kutoka Tanzania, ambao wengi wao walikulia katika Kiswahili, wangefaa sana kuwasaidia wenzao. Na mitihani nayo iulize maana ya sentensi nzima, badala ya kumtaka mtoto ataje neno moja moja.