MGENI MWENYE KUTAFUTA ELIMU ALIPIWE NA NANI?

Wandugu wa mashimo na wa mji,

Kuna watu huko Ulaya wanaouliza: sababu gani universite zetu zitoe feza kumfundisha mtoto wa inchi nyingine kazi ya uchunguzi? Na hapa kwetu wako wanaosema: mtoto akienda hatarudi, afazali abaki. Sisi tunawajibu wote.

Wa Ulaya wakumbuke Nyangwe. Mwaka 1871 Livingstone alikuja hapa, mgeni akitafuta habari za mto Lualaba. Tangu mwezi wa tatu mpaka wa saba alikula chakula cha soko letu. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mimea ya hapa. Ndivyo alivyoandika mauaji ya soko ya tarehe 15 mwezi wa saba. Makaratasi hayo yako Scotland, na mwaka 2011 wachunguzi waliyasoma upya kwa mwanga wa pekee. Waliokufa walikuwa watu wa soko letu. Lakini kijana wa Kasongo akitaka kuyashika makaratasi yale, lazima avuke bahari. Nani alipe safari yake?

Ubelgiji ilitawala Kongo toka 1908 mpaka 30 Juni 1960. Siku ile Wakongo wenye diploma ya universite hawakufika 30. Hilo ni deni, na kulipa deni si sadaka.

Tena faida si ya mgeni peke yake. Muyembe, mtoto wa Kongo, alipata udaktari wa elimu ya virusi Leuven mwaka 1973. Akarudi. Mwaka 1976 alifika Yambuku, akachukua damu ya wagonjwa wa ugonjwa ulioitwa baadaye Ebola. Dawa aliyosaidia kuitafuta, iliyotoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit, ilikubaliwa Marekani mwaka 2020. Nani alipata hasara hapo?

Na ninyi wachimbaji, msiseme mambo haya ni ya wakubwa. Mwaka 2018 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, wakifanya kazi pamoja, walionyesha kwamba watu wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, wana kobalti nyingi mwilini, zaidi watoto. Wachimbaji wa zahabu wa Kabambare nao wanataka kujua vumbi lile linawafanya nini.

Basi tunadai mambo matatu. Universite za Ulaya zilipe masomo ya watoto wetu mpaka mwisho. Kila uchunguzi uliofanywa kwetu urudi kwetu, uandikwe kwa Kiswahili, usomwe mbele ya wachimbaji. Na serikali yetu iweke tayari mshahara na nyumba ya kazi, maana mtoto asiyekuta kazi nyumbani hatarudi, na kosa si lake.

Nyangwe ilimpokea mgeni mwenye kalamu. Sasa zamu ya mtoto wa Nyangwe kupokelewa.