Dawa za Petroli na Hesabu ya Nishati

Kila bei ya petroli ipandapo, hujitokeza wauzaji wa dawa za kutia katika tangi na vyombo vya kufunga katika injini. Mmoja huuza sumaku ya kubana juu ya mpira wa petroli, mwingine vidonge, mwingine chombo cha kuchanganua maji ili kupata hidrojeni. Ahadi yao ni moja: matumizi ya mafuta yatapungua kwa robo, au hata nusu. Ahadi hiyo haifai kupokewa wala kukataliwa kwa ushabiki. Yapasa ipimwe kwa hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa shule ya sekondari.

Wauzaji wengi hudai kwamba injini hutupa petroli nyingi isiyoungua, na kwamba dawa yao huiunguza yote. Ukweli ni kwamba katika injini ya petroli iliyo nzima, sehemu zipatazo 95 hadi 98 katika kila 100 za mafuta huungua ndani ya silinda. Chukua mfano wa gari litumialo lita 10 kwa kilomita 100. Hata kama dawa ingeunguza kila tone lililosalia, akiba isingezidi nusu lita. Muuzaji aahidiye robo anaahidi lita 2.5. Je, lita mbili zaidi zatoka wapi?

Hasara kubwa ya injini imo katika joto. Kiasi cha robo hadi theluthi tu ya nishati ya mafuta ndicho kigeukacho kuwa kazi; sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka pamoja na moshi au huchukuliwa na maji ya rejeta. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba hakuna mashine ya joto iwezayo kugeuza joto lote kuwa kazi. Kidonge hakiitangui kanuni hiyo. Hidrojeni nayo haiikwepi hesabu: umeme wa kuchanganua maji hutokana na injini ile ile, na hidrojeni iunguapo hurudi kuwa maji, bila kurudisha nishati zaidi ya iliyotumika kuipata.

Vipimo vyaafiki hesabu hiyo. Nchini Marekani, shirika la serikali la kuhifadhi mazingira limechunguza zaidi ya vitu 100 vya namna hii, wala halikupata hata kimoja kilichopunguza matumizi ya mafuta kwa kiasi kikubwa. Baadhi yake vyaweza hata kuharibu injini au kuongeza sumu katika moshi.

Mbona basi wapo madereva waapao kwamba wamepata nafuu? Aliyekwisha kutoa fedha zake huanza kuendesha kwa upole, hujaza magurudumu upepo na kuchunga kila lita. Nafuu ni yake, lakini sifa huenda kwa dawa. Kipimo cha haki hutaka gari lile lile, njia ile ile na mzigo ule ule, kirudiwe mara nyingi, na dereva asijue ni lini dawa imetiwa.

Haimaanishi kwamba hakuna dawa ifanyayo kazi. Zipo zisafishazo njia za mafuta. Lakini hizo huirudishia injini chafu hali yake ya kwanza, haziizidishii iliyo safi. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani aligundua kwamba mchanganyiko wenye madini ya risasi huzuia petroli kugonga ndani ya injini. Dawa hiyo ilifanya kazi kweli, lakini ilisambaza sumu hewani kwa miongo mingi, hata Algeria, nchi ya mwisho duniani, ilipoacha kuuza petroli hiyo ya magari mwaka 2021. Kwa hiyo swali la kwanza, kama dawa yafanya kazi, halina budi kufuatwa na la pili: kwa gharama gani?

Wajibu wa kuthibitisha ni wa muuzaji, si wa mnunuzi. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu wa fizikia atakayeliandika tangazo la dawa kama hiyo ubaoni, na kuwataka wanafunzi watafute lita zilizoahidiwa, atakuwa amefundisha kanuni ya nishati na kuokoa fedha za wazazi wengi.